Kila mtu ana haki na ubishi hauishi: tafuta hitilafu ilipo

Nyumbani kwetu Tanga tulisoma hitima ya babu. Mjomba ndiye aliyepewa kazi ya kuwaita ndugu, akampigia kila mmoja simu na kumwambia neno moja: "Ni usiku wa Ijumaa, baada ya Isha." Nusu ya ukoo walifika Alhamisi jioni, wakasoma, wakala, wakaondoka. Nusu nyingine, wengi wao waliokulia bara, walifika Ijumaa jioni wakakuta masufuria yamefunikwa kifudifudi uani na majamvi yamekunjwa. Shangazi aliyetoka Morogoro kwa basi alisimama mlangoni, mkoba bado uko begani.

"Hukusema Ijumaa?"

"Nilisema."

"Leo si Ijumaa?"

"Ni Ijumaa. Usiku wa Ijumaa ulikuwa jana."

Mjomba hakudanganya. Kwa hesabu ya wazee wa Pwani, ambayo ndiyo hesabu ya Kiislamu, siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Shangazi naye hakukosea, maana alikokulia yeye usiku hufuata mchana. Walibishana mpaka kesho yake adhuhuri. Mjomba alikuwa anajibu swali la "nilisema nini?" Shangazi alikuwa anauliza "kwa nini hakuna aliyejali kuhakikisha nimeelewa?" Hakuna hata mmoja aliyelijibu swali la mwenzake, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yako maswali mawili.

Mimi ni katibu wa kikoba cha watu 30, na huu ni mwaka wa tisa. Magomvi yanayofika kwenye daftari langu ni mengi, na nimejifunza kwamba machache sana ni ya watu wanaokataana kweli. Mengi ni lugha gongana: watu wawili, maswali mawili, kila mmoja anajibu lake sawasawa na anashangaa mwenzake haoni. Ukimtafuta mwenye makosa hapo humpati, na kadiri unavyomtafuta ndivyo watu wanavyozidi kuumizana. Inaniuma kuona ndugu wanaacha kusalimiana kwa jambo la namna hii, ndiyo maana naandika.

Fundi redio mzuri hafungui redio nzima. Anakuuliza kwanza: inakwaruza, au inazima kabisa? Nami nitakwenda hivyo hivyo, kwa kuanzia na dalili.

Kipimo cha kwanza, kabla ya dalili yoyote

Simamisha ubishi kidogo na uulize kila mmoja: "Hapa wewe unataka tujue nini?" Usiulize "unasema nini", kwa sababu atarudia alichokwisha kusema, tena kwa sauti kubwa zaidi. Muulize anataka nini kijulikane. Majibu yakiwa mawili tofauti, acheni kutafuta mshindi na mshughulikie swali moja, kisha la pili. Siku ile Tanga, kama mtu mmoja tu angeuliza hivi, tungelala mapema.

Kama wewe mwenyewe ni mmoja wa wanaobishana, kipimo ni kigumu zaidi, kwa sababu mtu aliye katikati ya ubishi huona swali lake ndilo swali pekee lililopo. Jaribu kulisema swali la mwenzako kwa maneno yake. Ukishindwa, umekwisha kupata hitilafu.

Dalili: maneno ni yaleyale, ni sauti tu inayopanda

Chanzo cha kawaida ni neno moja lenye vipimo viwili. Kaa kijiwe chochote cha kahawa Dar es Salaam usikilize watu wakibishania timu kubwa nchini. Wa Yanga atasema timu yake ilianzishwa 1935, Simba ikaja 1936, na kwamba hakuna klabu yenye makombe mengi ya ligi kuliko Yanga. Wa Simba atasema timu yake ilicheza nusu fainali ya klabu bingwa Afrika 1974, ikafika fainali ya Kombe la CAF 1993 na fainali ya Kombe la Shirikisho 2025. Wa Yanga atarudi na 2023: nao walifika fainali ya Shirikisho, wakaifunga USM Alger bao 1-0 kwao Algiers, na wakalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Yote hayo ni kweli. Unaweza kuyakubali yote kwa pamoja bila kujipinga. Mmoja anapima ukubwa kwa umri na makombe ya nyumbani, mwingine anapima kwa Afrika, na neno "kubwa" limewafunika wote wawili kama shuka moja.

Dawa ni kulitoa neno lenyewe. "Tuliache kwanza neno *kubwa*. Wewe unapima kwa nini?" Pale kijiweni sikushauri ufanye hivyo, maana watu wale wameufuata ubishi wenyewe na kahawa inanoga kwa ubishi. Lakini hitilafu hiyohiyo inaingia nyumbani, na huko haifurahishi. Nimemsikia baba akisema kijana wake hana heshima, na kijana akiapa kwamba anamheshimu baba yake kuliko mtu yeyote. Kwa baba, heshima ilikuwa kunyamaza mkubwa akisema. Kwa kijana, ilikuwa kutomdanganya. Alikuwa amemwambia ukweli mbele ya wageni, kwa hiyo kwa kipimo chake alikuwa ameheshimu na kwa kipimo cha baba alikuwa amevunja. Neno "heshima" lilitajwa labda mara hamsini mchana ule na hakuna aliyelieleza hata mara moja. Maneno mengine ya kuangalia kwa jicho hilo ni "kusaidia nyumbani", "mapema", "usafi", "kunijali", "familia". Hili la mwisho ni hatari hasa kwa wanandoa wapya: mmoja akisema "familia yangu" anahesabu mke na watoto, mwingine anahesabu mpaka wajomba.

Mkiwa mmetoka sehemu tofauti zinazosema Kiswahili, ongezeni tahadhari. Mkenya akisema "bibi yangu anaumwa" anamsema mke wake, na Mtanzania atampa pole ya kikongwe. Bara ya Tanzania, nyama ni mboga ikiliwa na ugali, lakini Nairobi mboga ni majani tu. Mtu wa Pwani akikwambia "mama hawezi", mama ni mgonjwa, naye mtu wa bara husubiri aambiwe hawezi nini. Haya ni mepesi, yanaisha kwa kucheka, mradi mmoja akumbuke kuuliza.

Dalili: unajibu kila swali kwa ukweli, na mwenzako anazidi kuwaka

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapoumia.

"Mbona hukupiga simu?"

"Iliisha chaji."

"Ofisini kwenu hakuna umeme?"

"Upo, nilisahau chaja."

"Hukuweza kuazima simu ya mtu?"

"Namba yako siijui kichwani."

"Miaka sita ya ndoa, namba yangu huijui!"

Mume kajibu maswali matatu, yote kwa ukweli, na kila jibu limemzamisha zaidi. Anatoka hapo akisema wanawake hawaridhiki. Lakini yeye amejibu habari za simu, na mke hakuuliza habari za simu. Aliuliza: "Nilikaa hapa na hofu mpaka saa tano usiku, wewe ulinikumbuka?" Swali hilo halijajibiwa hata kidogo, ndiyo maana linarudi kila mara limebadili nguo.

Mwaka 1967 Paul Watzlawick na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Palo Alto, California, waliliandika hili vizuri: kila kauli ina mizigo miwili, habari yenyewe, na namna msemaji anavyoonyesha uhusiano wake na anayemwambia. Watu wakigombania mzigo wa pili huku wanaongea kuhusu wa kwanza, hawafiki. Sisi hatukuhitaji kitabu kulijua. Mzazi akimuuliza mtoto "umetoka wapi saa hizi?", mtoto akasema alikotoka, mzazi akamkazia macho na kusema "unanijibu?", Mswahili yeyote anajua kilichotokea. Swali lilikuwa karipio lenye alama ya kuuliza, na mtoto amelichukua kama swali.

Kuna njia ya kutambua. Toa jibu moja la kweli, fupi. Swali likirudi kwa sura nyingine, acha kujibu habari, kwa sababu haitakiwi. Ukilijibu mara ya tatu unajitetea tu, na kujitetea kwenyewe kunasikika kama kusema: "maumivu yako hayana msingi, na huu hapa ushahidi." Badala yake gusa lile lenye uhusiano: "Ulikaa na hofu. Nilipaswa kutafuta njia ya kukwambia." Kisha nyamaza. Usitie "lakini" hapo. Sababu ya chaja iache mfukoni. Akiihitaji ataiuliza mwenyewe, na safari hiyo atakuwa anaiuliza kweli.

Ndugu wa karibu wa hitilafu hii ni *pole* na *samahani*. Kwenye kikoba chetu mwanachama mmoja alichelewesha marejesho, na kwa sababu hiyo mwenzake hakupata mkopo wa ada siku aliyoutegemea. Mtoto akarudishwa nyumbani. Tulipokutana yule aliyechelewesha alisema kwa upole kabisa, "Pole mama, nimesikia." Yule mama akasimama: "Pole ya nini, kwani naumwa?" Kikao kizima kikageuka. Aliyetoa pole akasema ameonyesha ubinadamu na amerushiwa matusi. Akasema kweli, alimaanisha huruma. Lakini pole ni ya mtu anayekuonea huruma kwa jambo lililokupata. Samahani ni ya aliyelisababisha. Ukimpa pole mtu uliyemuumiza wewe, umejitoa kwenye jambo na kusimama pembeni na watazamaji. Siku hizi watu wengi wanachanganya hapo kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, na wanaolitumia kutwa kazini wanarudi nalo nyumbani. Ilichukua wiki mbili na ziara moja ya mimi na mwenyekiti, na kilichomaliza ni neno "nimekukosea" lililosemwa kwenye mkeka nyumbani kwake, si kikaoni.

Tahadhari mbili. Kwanza, si kila swali lina swali jingine chini yake. Mtu akikuuliza unga umebaki kiasi gani, mwambie unga umebaki kiasi gani. Ukianza kutafuta maana za moyoni kwenye kila kauli utachosha watu, na mara nyingi utakosea. Pili, wapo wanaosema kwa mafumbo kwa makusudi, na Pwani ni sanaa yenye heshima yake. Mtu anaweza kukununulia kanga, jina lililoandikwa pale chini likawa ndilo ujumbe. Fumbo usilijibu kwa sauti mbele ya watu, wala usijifanye hukuliona. Mfuate pembeni, mkiwa wawili: "Ile kanga nimeisoma. Nimekukosea wapi?"

Dalili: mliachana vizuri, siku ya siku kila mtu ana lake

Hakuna aliyebishana mwanzoni. Mlikubaliana, mkacheka, mkapeana mikono. Ubishi umezaliwa baadaye na kila mmoja anaapa mwenzake kageuka. Mara nyingi hakuna aliyegeuka. Lugha yetu ina milango kadhaa inayofunguka pande mbili, na hamkuona mwenzako amepita upande upi.

Mlango unaoongoza ni "nisaidie". "Dada, naomba unisaidie elfu 50." Aliyeomba anajua moyoni mwake kama ni ya kurudisha au la. Anayetoa naye anajua. Hawaulizani, kwa sababu kuuliza kunaonekana kama ubahili na kueleza kunaonekana kama kujidhalilisha. Miezi mitatu baadaye mmoja anangoja hela yake na mwingine anaendelea kumshukuru Mungu kwa dada mwenye moyo. Siku ya kudai inafika, na neno linalotoka ni baya kuliko deni lenyewe: "Kumbe hukunisaidia, ulinikopesha!" Kwenye kikoba hatupati ugomvi huu kwenye mikopo ya kikoba hata mara moja, kwa sababu jina, kiasi na tarehe viko daftarini. Tunaupata kwenye hela walizopeana wanachama wenyewe kwa wenyewe nje ya kikao.

Uliza hela ikiwa bado iko mkononi. Ninachosema mimi ni: "Nikupe kabisa, au tuandikiane mpaka mwisho wa mwezi?" Nimekisema kwa mdogo wangu, nimekisema kwa jirani mtu mzima, na hakuna aliyekasirika. Watu wanashukuru kuondolewa aibu ya kulieleza wenyewe.

Mlango wa pili ni "tu". Kiswahili hakitenganishi sisi pamoja na wewe, na sisi bila wewe. Kamati ya upande wa bibi harusi ikisema "ukumbi tutalipa", upande wa bwana harusi husikia kwamba wakwe watalipa, na upande wa bibi harusi walimaanisha tutachanga wote. Nimeona ukumbi unakaribia kufungwa asubuhi ya harusi kwa silabi hiyo moja. Sema majina: "Sisi upande wa bi harusi tutalipa nusu, ninyi nusu."

Saa nayo. Mtu anaandika kwenye kundi la familia "kikao saa 8". Kwa saa ya Kiswahili hiyo ni mchana baada ya chakula. Kwa kijana anayesoma saa kama simu yake inavyoionyesha, ni asubuhi, saa mbili yetu. Andika "saa 8 mchana" na jambo limekwisha. Kwa usiku, baada ya yaliyotupata Tanga, sisi kwetu tunaandika jina la siku ambayo mtu ataondoka nyumbani kwake: "Alhamisi jioni njooni."

Na kuna "nitajitahidi", "tutaona", "Inshallah nitakuja". Kwa asemaye kutoka moyoni, Inshallah ni ahadi nzito. Kwa mwingine ni njia ya adabu ya kukataa bila kumvunja mtu uso. Kama jibu lina uzito kwako, kwa mfano unahesabu sahani, mpe mwenzako njia ya kukataa isiyomuaibisha: "Ukiwa na shughuli siku hiyo nitaelewa kabisa, niambie tu nipange." Atakwambia.

Dalili: mlianza na chumvi, sasa mko kwenye mahari

Vijana wanaita kufukua makaburi. Chakula kimezidi chumvi, dakika kumi baadaye mnajadili mahari iliyotolewa pungufu mwaka ambao mtoto wa kwanza hajazaliwa. Watu hulaumu anayefukua, nami nilikuwa hivyo. Sasa naona kaburi linalofukuliwa kila mara ni la maiti aliyezikwa haraka. Jambo halikuisha, lilinyamaziwa. Chumvi ni ndogo mno kubeba uchungu uliopo, kwa hiyo uchungu unatafuta kitu cha saizi yake.

Usiseme "hayo yamepita". Kwake hayajapita. Sema: "La mahari ni kubwa na lina haki ya siku yake. Jumapili baada ya chakula tulikae. Leo tumalize hili." Na Jumapili ukae kweli, wewe ndiye uliyeahidi. Ukikwepa hata mara moja, dawa hii haitafanya kazi tena nyumbani kwako.

Dalili ndogo inayofanana ni ugomvi unaohamia kwenye neno "kila siku". "Kila siku unachelewa!" "Jumanne nilirudi saa kumi na mbili!" Sasa mnajadili Jumanne. Ambaye amesema "kila siku" alikuwa anapima uchovu wake, hakuwa anasoma kalenda. Mwachie neno lake, jibu uchovu.

Dalili: mnasema kwa pamoja, hakuna anayefika mwisho wa sentensi

Watafiti waliopima mazungumzo ya kawaida katika lugha 10, kuanzia Kijapani mpaka Kidenmaki, na kutoa matokeo yao 2009, walikuta pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza kwa kawaida ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Lakini kuandaa hata neno moja la kusema huchukua akili zaidi ya nusu sekunde. Maana yake ni kwamba karibu sote huanza kutunga jibu mwenzetu akiwa bado anaongea. Siku ya amani haina madhara. Siku ya hasira unakuwa umejibu nusu ya kwanza ya sentensi, na maana mara nyingi ilikuwa kwenye nusu ya pili.

Wazee wakikaa barazani wana utaratibu wa kumwacha mtu mpaka aseme mwenyewe "nimeishia hapo". Utumieni hata mkiwa wawili jikoni. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza mwaka 1951 kanuni kali zaidi: huruhusiwi kujibu mpaka uyaseme mawazo ya mwenzako kwa namna ambayo yeye mwenyewe atakubali kwamba ndivyo. Nimeijaribu kikaoni. Inachosha, na mtu akiifanya kama kasuku inaudhi. Lakini nimeona mtu aliyefika akiwa amekunja ngumi anakaa chini baada tu ya kusikia mpinzani wake anayasema malalamiko yake yote bila kuyapunja.

Dalili: mkikutana mko sawa, ugomvi uko kwenye simu tu

Mwaka 1990 huko Stanford, Elizabeth Newton aliwaambia watu wagonge mezani kwa vidole mapigo ya nyimbo zinazojulikana, na wengine wazitambue. Wagongaji walikadiria nusu zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa anausikia wimbo mzima kichwani, msikilizaji anasikia ko, ko, ko. Ujumbe wa maandishi ndio huo. Ulipoandika "sawa" ulikuwa unatabasamu. Aliyepokea amepata herufi nne.

Kiswahili kinaongeza la kwake. Soma hii: "Juma alimwambia Ali amefukuzwa." Nani kafukuzwa? Mdomoni sauti na macho vinasaidia, kwenye maandishi hakuna kitu. Na ukiuliza "hujala?" ukajibiwa "ndiyo", kwa Kiswahili mtu hajala, anakubaliana na ulivyosema, ila aliyezoea Kiingereza anaweza kukusudia kwamba ameshakula. Ujumbe wa pili ukianza kuwa mkali, piga simu. Usitume wa tatu.

Umepima yote na bado hamwelewani

Kuna mtu anayetaka ligi. Ukikubaliana naye anabadili upande. Huyo hana hitilafu ya kutengeneza, mwachie neno la mwisho na uendelee na kazi zako. Kuna pia mahali ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, na kinachoitwa ubishi ni mtu mmoja anachagua maneno ili asipigwe. Mwongozo huu si wa hapo. Hapo mtu anahitaji kutoka salama na watu wa kusimama naye, asiambiwe aboreshe usikivu wake.

Na kuna tofauti ya kweli, ambayo kusafisha lugha hakuiondoi. Kaka na dada ninaowafahamu walibishana miaka miwili juu ya shamba la baba yao. Kaka alisema kuuza ni busara. Dada alisema kuuza ni kumdharau mzee. Kila msiba na kila Idi walianza upya, mpaka watoto wao wakaacha kutembeleana. Jamaa mmoja mtu mzima aliwakalisha akawauliza swali lile la kwanza: hapa mnataka tujue nini? Kaka alitaka ijulikane kwamba dawa za mama amezinunua peke yake kwa muda mrefu na hana tena uwezo. Dada alitaka kujua shamba likiuzwa, kaburi la baba, ambalo liko mle shambani chini ya mwembe, litakuwa la nani. Kumbe kaka hakuwahi kufikiria kuliuza kaburi, wala dada hakuwa na habari ya gharama za dawa.

Walipima kipande cha kaburi pamoja na mwembe wakakitoa nje ya hesabu. Dada akaanza kuchangia dawa mwezi uleule. Kuhusu sehemu iliyobaki bado hawajakubaliana. Wanabishania bei ya eka, na wote wawili wanajua kwamba ni bei.